Kupiga Picha za Wadudu Wakiwa Kazini: Mwongozo wa Nyanda za Juu Kusini

Ukitaka picha ya mdudu akifanya jambo, anza kwa kuchagua jambo lenyewe. Usitoke nyumbani ukisema leo nakwenda kupiga wadudu. Sema leo nakwenda kupiga sisimizi na vidukari (wadudu mafuta) wao, au nyigu akijenga, au kereng'ende akitaga. Anayetoka bila kuchagua hukimbizana na vipepeo mpaka jua la utosi, na jioni kamera yake imejaa migongo ya wadudu wanaomkimbia. Aliyechagua huketi mahali pamoja, mdudu akamjia.

Huku kwetu Mbeya, Iringa na Njombe tumebahatika sana. Asubuhi unaweza kuwa kwenye majaruba ya mpunga Mbarali umekunja mikono ya shati, kisha ukapanda kona za Hamsini na Saba kutoka Chimala hadi Matamba, na mchana ukawa kwenye uwanda wa Kitulo, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, umevaa koti. Wadudu wa chini si wa juu, na hata wanaofanana hawana ratiba moja. Ndiyo maana mwongozo huu unahimiza zaidi kutazama kuliko kununua vifaa.

Hatua ya kwanza: tafuta tendo linalojirudia

Mdudu anayepita tu humuwezi. Wako ni yule mwenye kitu cha kurudia: kiota, chakula, maji, au kituo cha kusubiria jike. Nyigu wa udongo anayejenga ukutani atakwenda na kurudi mchana kutwa. Sisimizi hawawaachi vidukari wao. Nyuki watarudi kwenye maua kwa kadiri maua yanavyotoa mbochi na chavua.

Ukishapata mahali, weka kamera chini utazame. Wengi huona huu ni muda wa kupoteza. Mimi nauhesabu kuwa nusu ya picha. Anatokea upande gani? Anatua wapi kwanza? Akiondoka anakaa muda gani? Na la muhimu kuliko yote: kabla ya tendo lenyewe, anafanya nini? Karibu kila tendo la mdudu lina dalili inayolitangulia, na hiyo ndiyo utakayoibonyezea. Ukingoja kuona tendo ndipo ubonyeze, kidole kimeshachelewa. Andika unayoyaona kwenye daftari pamoja na saa, jua au mawingu. Kesho yake daftari hilo litakuonyesha mahali pa kukaa.

Hatua ya pili: vifaa

Simu inatosha kuanzia. Lenzi ndogo ya kubana juu ya kamera ya simu inakuza vizuri, lakini inataka uwe sentimita chache tu kutoka kwa mdudu, na wengi hawakubali. Basi simu iwe ya vidukari, viwavi, mchwa na sisimizi. Tumia pia video ya mwendo wa polepole; kwa matendo ya haraka mara nyingi itakueleza kilichotokea kuliko picha yoyote, halafu kesho yake unapiga picha ukijua unachokingoja.

Mwenye kamera ya kubadilisha lenzi, lenzi ya makro, yaani ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ya milimita 90 hadi 105 ndiyo bora kwa kazi hii kwa sababu inakuacha mbali kidogo na mdudu. Kama haipo, kuna pete za kurefusha: mirija mitupu isiyo na kioo, inayokaa kati ya lenzi na kamera ili lenzi iweze kuona karibu zaidi. Wapo wanaoigeuza lenzi ya milimita 50 mbele nyuma kwa kutumia pete maalumu. Ukuzaji wake ni mkubwa, ila unamkaribia mdudu mno, na lenzi nyingi za kisasa ukizigeuza tundu lake la kupitishia mwanga halitii tena kamera. Simshauri mtu kuitumia kwa mdudu anayeruka.

Vingine ni vya nyumbani. Kipande cha turubai cha kupigia magoti. Kibanio cha nguo kilichofungwa kwenye kijiti, cha kuzuia shina lisitikiswe na upepo. Soksi ndefu. Vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, uvitie kwenye begi la kamera. Kwa mvua za Tukuyu si anasa. Kule juu Kitulo betri huishiwa nguvu haraka kwa sababu ya baridi, kwa hiyo ya akiba ikae mfuko wa ndani karibu na mwili. Na ukirudi kutoka kwenye baridi, usifungue begi ndani ya nyumba yenye moto. Liache likiwa limefungwa mpaka kamera ipate joto taratibu, la sivyo lenzi itajaa ukungu.

Hatua ya tatu: mpangilio wa kamera na mwanga

Ukimkuza mdudu mpaka sentimita yake moja ichukue sentimita moja kwenye kihisio cha kamera, kile kinachopokea picha, tundu la f/8 linakupa eneo kali lenye unene wa milimita moja hivi, basi. Jicho linaonekana, mguu umepotea. Wengine hukimbilia f/22, na hapo picha nzima inalainika kwa sababu mwanga unaopita tundu dogo hutawanyika. Kaa kati ya f/8 na f/13, halafu fanya jambo ambalo wapiga picha wa makro hawalipendi: rudi nyuma. Tendo lina wahusika wawili au zaidi, lina mahali, lina kitu kinachobebwa au kinacholiwa. Ukijaza fremu kwa kichwa kimoja umelikata tendo. Ni afadhali mdudu awe mdogo na habari yake ionekane.

Jambo la pili ni kulaza kamera sambamba na mstari wa tendo. Kama wadudu wako kwenye shina lililosimama, uso wa lenzi usimame vivyo hivyo, ili ile milimita moja iwapitie wote.

Nyuki hupiga mabawa zaidi ya mara 200 kwa sekunde. Kasi ya shata, ule mlango wa kamera unaofunguka na kufunga, ikiwa 1/1000 ya sekunde bado italiacha bawa likiwa ukungu, na kwenye kivuli cha migomba hutaifikia kasi hiyo bila kupandisha ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) kupita kiasi. Dawa ni flashi. Iweke kwa nguvu ndogo, maana ikiwa na nguvu ndogo huwaka kwa muda mfupi zaidi kuliko ikiwa na nguvu yote, na ufupi huo ndio unaoligandisha bawa. Shata iwe 1/160 au 1/200, ISO karibu 400 ili mandhari ya nyuma yasiwe giza.

Flashi tupu ni kali mno, kwa hiyo ilainishe. Kata kidumu cheupe cha plastiki, kivishe kichwa cha flashi kikae karibu na ncha ya lenzi. Kabla hujaenda porini, ijaribu kwenye tunda la kahawa lililoiva. Ngozi yake inang'aa kama mgongo wa dundu. Piga, kisha ukuze picha uangalie lile doa jeupe la mwanga. Likiwa dogo lenye ukingo mkali, kidumu chako ni kidogo au kiko mbali. Likiwa pana, linafifia taratibu pembeni, na wekundu wa tunda unaonekana chini yake, uko tayari.

Hatua ya nne: saa

Wadudu hutegemea joto la nje. Nyuki haruki kwenye baridi kali, na huku kwetu, hasa Juni hadi Agosti, baridi ipo kweli. Kitulo asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa umande ulioganda. Alfajiri ya namna hiyo utawakuta vipepeo na kereng'ende wamelala juu ya majani, wamelowa, hawana nguvu za kukimbia. Watu huwafurahia kwa sababu wanapigika kirahisi. Picha zinatoka nzuri, lakini tendo hakuna.

Tendo linaanza jua likigusa mahali. Kati ya saa mbili na saa nne asubuhi utamwona kipepeo akifungua mabawa na kuyaelekeza juani, na mdudu mzito akitetemesha misuli ya kuruka bila kuruka, akijipasha moto. Saa hizo upepo nao bado haujaamka. Mchana kila kitu kina kasi. Waachie nyigu na kereng'ende. Kuanzia Novemba, mvua za kwanza zinapoloweka ardhi, jioni ni ya kumbikumbi.

Hatua ya tano: kumkaribia

Jicho la mdudu ni hodari wa kuona mwendo kuliko umbo. Sogea polepole ukimwelekea moja kwa moja, usikate kushoto na kulia mbele yake. Angalia kivuli chako kilipo. Kikimpita tu, ameondoka. Shuka chini ukiwa bado mbali, kisha jikokote kwa magoti. Usiguse mmea aliokaa.

Pumzi pia ni tatizo. Nyuki na siafu wanaihisi hewa unayoitoa na kuichukulia kama dalili ya mnyama aliyevamia. Pumua kwa upande, na unapobonyeza, bana pumzi.

Sasa zoezi lenyewe, na ningependa kila anayeanza aanzie hapa: sisimizi na vidukari, wale ambao wakulima wengi huwaita wadudu mafuta. Huhitaji kusafiri. Tafuta pembeni ya shamba la maharage, au hata kwenye kishonanguo kilichoota karibu na choo, shina lenye vijidudu vyeusi au vya kijani vilivyosongamana kwenye ncha changa. Kama kuna sisimizi wanaopanda na kushuka, umefika.

Bana shina chini ya kundi kwa kile kibanio. Piga goti, mkono wa kushoto ushike kijiti na uwe pia egemeo la lenzi, ili wewe, mmea na kamera mtikisike pamoja. Zima fokasi ya kujiendesha. Weka ukuzaji unaoutaka, kisha tafuta ukali kwa kuusogeza mwili mbele na nyuma kidogo kidogo.

Mtazame sisimizi mmoja tu. Anafika kwa kidukari, anasimama, anaanza kumgonga tumboni kwa vipapasio, mara huku mara huku, haraka na kwa wepesi. Hiyo ndiyo dalili. Kidukari anainua kidogo sehemu ya nyuma, na kwenye ncha ya tumbo linachomoza tone la maji matamu, linakua, linang'aa, halidondoki. Sisimizi analifyonza, na ukiwa na mwanga mzuri utaona tumbo lake limetuna kuliko la mwenzake anayepanda akiwa mtupu. Anza kubonyeza wakati vipapasio vinagonga, piga mfululizo wa picha chache, acha flashi ijaze nguvu, rudia kwa sisimizi anayefuata. Vidukari ni wengi na sisimizi hawachoki, kwa hiyo nafasi ya kurudia ipo.

Usiondoke mapema. Dundu mdogo mwekundu mwenye madoa meusi akija kula vidukari, sisimizi watamvamia na kumng'ata miguu, naye atajibana kwenye shina kama bakuli lililofunikwa. Ukiupata ugomvi huo pamoja na tone la maji matamu kwenye mfululizo mmoja wa picha, umeeleza kwa nini sisimizi wanalinda na kwa nini vidukari wanaishi.

Wengine wa kuwafuata

Nyigu wa udongo ndiye ninayempenda kuliko wote, na yuko kwenye kuta za nyumba zetu, chini ya bati, kwenye pembe za vibaraza vya shule. Jike huchota udongo mbichi ukingoni mwa dimbwi, huufinyanga kuwa kidonge, na anapoupaka ukutani mwili mzima hutetemeka na utamsikia akivuma. Chumba kikikamilika anawinda buibui, anawachoma mwiba wapooze bila kufa, anawajaza humo, anataga yai moja na kufunga kwa udongo. Mtoto akianguliwa anakuta chakula kibichi. Haya yote unaweza kuyapiga ukiwa umekaa kwenye kigoda. Lenga mdomo wa chumba mapema, pima anatua upande gani, na ungoje mvumo wake. Picha ngumu ni ya buibui akiingizwa: nyigu hutua naye na kuingia mara moja. Bonyeza mabawa yanapopunguza kasi, kabla miguu haijagusa ukuta. Hana ukali ukimwacha na kazi yake; usiuzibe tu mlango wake.

Kereng'ende watafute kwenye mabwawa ya samaki na majaruba. Dume wengi wana kijiti chao. Akiondoka, usimfuate kwa macho. Lenga kile kijiti, inua kamera, subiri, atarudi. Jike anayetaga hugusisha ncha ya tumbo kwenye maji mara kwa mara huku dume akielea juu yake kumlinda. Hesabu mdundo wake kimyakimya mpaka uzoee, kisha piga ukifuata mdundo.

Vipepeo waliojazana kwenye matope ya barabarani au penye mkojo wa ng'ombe wengi huwa madume wanaotafuta chumvi, ambayo sehemu yake hupewa jike wakati wa kupandana. Wakishaanza kunywa huzubaa. Lala kifudifudi, lenzi iwe usawa wa matope, uonyeshe ule mrija wa mdomo ulivyopinda.

Nyuki kwenye parachichi ni habari inayowagusa watu wa Rungwe na Njombe moja kwa moja. Ua la parachichi hufunguka mara mbili: kwanza likiwa jike, likafunga, kisha likafunguka tena siku inayofuata likiwa dume. Kwa aina ya Hass ujike huwa asubuhi na udume alasiri, ingawa baridi huzisogeza saa hizo. Ukikuza picha utaona tofauti: ua jike lina pistili (kijiti cha kike cha katikati) imesimama peke yake na stameni (vijiti vya kiume vyenye chavua) zimelala, ua dume stameni zimesimama na nyuki anapakwa chavua. Piga nyuki kwenye hali zote mbili, na mkulima yeyote atazielewa picha hizo.

Usile ndizi kabla ya kusogelea mzinga. Harufu ambayo nyuki huitoa akichoma, ile inayowaita wenzake, ina kemikali ile ile inayolipa tunda la ndizi harufu yake. Ukichomwa, kwangua mwiba upesi, ondoka, usipigepige mikono. Mtu akivimba midomo au akianza kupumua kwa shida, mpelekeni hospitali hapo hapo.

Siafu wanaogopwa kwa haki. Wafanyakazi wao hawana macho. Wanakujua kwa harufu, pumzi na mtetemo wa ardhi. Kabla hujainama, fuata msafara kwa macho mbele na nyuma uhakikishe hujaingia katikati yao, na suruali iwe ndani ya soksi. Tafuta mahali askari wamesimama kandokando, vichwa juu na taya wazi, wakifanya ukuta wa miili ambao wengine wanapita ndani yake wakibeba watoto. Piga ukiwa umechuchumaa, si kwa goti. Wakianza kutawanyika, ondoka.

Kumbikumbi wanahitaji utulivu, maana wewe, watoto na kuku nyote mnawagombea. Waache wanaotoka shimoni. Wafuate waliokwisha kutua. Utaona mmoja akidondosha mabawa, jike akiinua tumbo kumwita dume, kisha wawili hao wakikimbia mmoja nyuma ya mwenzake kutafuta pa kuchimba. Funika tochi kwa nailoni nyekundu. Wadudu wengi hawaioni vizuri rangi hiyo, nayo haiwavuti kama mwanga mweupe.

Hatua ya sita: ruhusa na adabu

Shambani kwa mtu, ingia kwa salamu. Kamwene kwa Wahehe na Wabena, ugonile kwa Wanyakyusa, na kwa aliyekuzidi umri, shikamoo haijawahi kukosa kazi. Kijana mwenye kamera aliyeinama kwenye maharage ya mtu anaonekana mwizi au bwana wa kupima ardhi. Sema wazi: "Shikamoo mama, naomba kupiga picha za wadudu kwenye maharage yako, sitang'oa kitu." Mara nyingi mwenye shamba ndiye atakayekuonyesha walipo, kwa sababu anawaona kila siku. Mwonyeshe picha kabla hujaondoka.

Kitulo, Udzungwa na Ruaha ni hifadhi za TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) na kuna kiingilio. Msitu wa Mlima Rungwe uko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu). Kama picha ni za biashara au unakwenda na kikosi cha filamu, uliza taratibu za kibali mapema, kabla ya kukodi gari.

Kuna desturi ya kumweka mdudu kwenye friji apoe, kisha kumpanga juu ya ua apigwe picha. Sikubaliani nayo hata kidogo. Mara nyingi mdudu huumia au hufa, na picha inasema uongo kuhusu anavyoishi. Vivyo hivyo kumtupia kivunjajungu nyuki uliyemshika. Ukingoja kwenye maua, kivunjajungu atawinda mwenyewe.

Hatua ya saba: kuchagua na kuandika maelezo

Ukirudi, usianze na picha iliyo kali kuliko zote. Panga mfululizo kwanza: alivyofika, alivyoanza, kilele, alivyoondoka. Picha nne zenye mpangilio zinaeleza tendo kuliko moja nzuri iliyosimama peke yake, hata kama mbili kati yake zina ukungu kidogo. Usifute wala kuongeza kitu ndani ya fremu. Kung'arisha na kukata pembeni kunatosha.

Chini ya kila mfululizo andika tarehe, saa, mahali, mmea wenyewe, na tendo kwa sentensi moja. Kama hujui aina ya mdudu, andika unachokiona tu, kisha ipandishe picha kwenye iNaturalist, mtandao wa kutambua viumbe, ambako wanaojua watakusaidia kumtambua. Ukipiga mdudu kwenye ua la okidi Kitulo au milima ya jirani, ficha mahali halisi kabla ya kurusha, pamoja na zile namba za mahali ambazo simu huziandika yenyewe ndani ya faili. Viazi vya okidi hizo huchimbwa na kuuzwa hadi Zambia kwa ajili ya chikanda, chakula kinachotengenezwa kwa viazi hivyo, na picha yenye ramani inamfikisha mchimbaji palepale. Taja wilaya, ishie hapo.